Keria ya baiskeli nyuma ya tela la kulala: namna ya kuifunga bila kuling'oa bampa

Hinckley, mji mdogo wa Minnesota huku Marekani, iko kama katikati ya safari ukitoka Minneapolis kwenda Duluth kwa barabara ya I-35, na wengi tunasimama hapo watoto wapate kwenda msalani. Mwaka wetu wa kwanza na tela nilishuka kununua kahawa, nikapita nyuma kwa mazoea tu, nikakuta baiskeli zimeinama. Keria haikuwa na neno, imekaza vilevile nilivyoikaza nyumbani. Lililogeuka ni bampa lenyewe. Pale lilipochomelewa kwenye chesisi, rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba, na ndani ya mstari huo kulikuwa na kutu mbichi. Nikachomeka ukucha, ukaingia.

Shemeji yangu, aliyekuwa akichomelea mageti Mwanza kabla hajaja Marekani, aliinama akaligonga bampa kwa kifundo cha kidole.

"Shemeji, hili debe," akasema. "Baiskeli nne umezifunga kwenye debe."

Tulizishusha zote, tukazilaza ndani ya tela juu ya vitanda vya watoto, tukaendelea taratibu hadi ziwani. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningetaka mtu aniambie kabla ya safari ile. Ninazungumzia tela la kulala la kawaida la huku, lile la kukokotwa na pikapu kwa tufe la chuma lililo nyuma ya gari, lenye urefu wa mita saba au nane hivi.

Usiliamini bampa

Bampa la tela la kulala si bampa la gari. Kwa kawaida ni bomba la mraba la inchi 4 kwa inchi 4, bati lake jembamba, mara nyingi milimita 2 hivi, lililochomelewa ncha mbili kwenye chesisi. Kazi yake halisi utaijua ukifungua kifuniko cha pembeni: ndani mnahifadhiwa mpira wa kumwagia maji machafu. Watengenezaji wengi huruhusu libebe tairi la akiba, basi. Wengine wamebandika hadi karatasi ya onyo, ambayo mimi nilikuwa nimeifunika kwa keria.

Hatari haiko kwenye kilo peke yake. Baiskeli hazikai juu ya bampa, zinakaa nyuma yake, nusu mita au zaidi, kwa hiyo kila zikiruka zinalizungusha bampa kama spana inavyozungusha nati. Isitoshe, mkia wa tela unaruka kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu uko mbali na magurudumu. Barabara za Minnesota zinapasuliwa na baridi kila mwaka, na viungo vya zege vinapiga *du-du, du-du* kwa saa tatu mfululizo. Kilo 80 zikishuka kwenye shimo hupiga kama 160 au zaidi, na mchomeleo mwembamba unachoka polepole hadi siku unaachia. Zikianguka, anayezipokea ni aliye nyuma yako.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, soma maelezo ya keria unayoitaka. Nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari dogo zimeandikwa wazi kwamba hazifai kufungwa nyuma ya tela, na ukizifunga dhamana inakufa. Tafuta iliyoandikwa kwamba inaruhusiwa kwenye tela la kulala, na uangalie uzito inaoruhusu *ikiwa huko*, maana mara nyingi ni mdogo kuliko ule inaoruhusu kwenye gari. Keria ileile inaweza kubeba baiskeli nne kwenye gari na mbili tu kwenye tela.

Chagua ya jukwaa, ambayo magurudumu ya baiskeli yanakaa juu ya reli zake. Ile ya kuning'iniza fremu kwenye mikono miwili ni rahisi na nyepesi, lakini baiskeli zinabembea kama nguo kwenye kamba.

Na ile ya kutundika kwenye ngazi ya nyuma ya tela isahau. Ngazi imefungwa kwa skrubu kwenye ukuta mwembamba. Skrubu zikilegea maji yanaingia, na ukuta ukishaoza kwa ndani gharama yake inazidi bei ya baiskeli zako zote.

Hesabu ya mkokoteni

Aliyewahi kuona mkokoteni wa magurudumu mawili Kariakoo au Marikiti anaijua hesabu hii bila kalamu. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mikono inapaa, na mvutaji ananing'inia miguu hewani. Tela ni mkokoteni huohuo. Mkono wake wa mbele lazima uilalie pikapu kwa uzito wa kutosha, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ukipungua chini ya hapo tela linaanza kuyumba, mkia kushoto, mkia kulia, hadi tela linalikokota gari badala ya gari kulikokota tela.

Chukua tepu, pima vitu viwili: kutoka kwenye tufe la kukokotea hadi katikati ya ekseli (kama ziko mbili, katikati yake), kisha kutoka hapo hadi mahali baiskeli zitakapokaa. Zidisha uzito wa keria na baiskeli kwa umbali wa pili, ugawe kwa umbali wa kwanza. Jibu ndilo uzito utakaonyanyuliwa kutoka kwenye mkono wa tela.

Tuseme mbele ni mita 4.5 na nyuma ni mita 3.6, mzigo kilo 80. Themanini mara 3.6, gawanya kwa 4.5, unapata 64. Tela lenye kilo 2,300 lililokuwa likilalia gari kwa kilo 270, karibu asilimia 12, sasa lina kilo 2,380 na linalalia kwa 206 tu. Hiyo haifiki asilimia 9. Na ekseli hazikuongezewa kilo 80, zimeongezewa 144, yaani mzigo wenyewe pamoja na zile 64 zilizohama kutoka mbele. Uzito unaoruhusiwa kwa ekseli umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nje, ubavu wa kushoto kuelekea mbele. Umeandikwa kwa paundi pia, na kilo moja ni paundi 2.2.

Mkono wenyewe unaweza kuupima nyumbani kwa mizani ya bafuni. Weka kabari kwenye magurudumu, tela liwe limesawazika. Chukua ubao mgumu, upande mmoja uulaze juu ya kipande cha bomba kwenye tofali, upande wa pili juu ya kipande kingine cha bomba kwenye mizani, mabomba hayo yawe sentimita 90 kutoka moja hadi jingine. Jeki ya mkono wa tela iteremke juu ya ubao sentimita 30 kutoka upande wa tofali. Soma mizani, zidisha mara tatu. Ikikuonyesha 90, mkono una kilo 270. Kwa kuwa jeki iko nyuma kidogo ya tufe, namba itazidi ukweli kidogo. Usiitumie kujipa matumaini. Ukitaka uhakika, vituo vikubwa vya mafuta vya malori vina mizani, na kwa dola chache unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli.

Hesabu ikigoma, mtu wa kwanza atakwambia uhamishie vitu mbele. Ni kweli inasaidia: masanduku ya zana, makopo ya chakula, maji. Lakini usifidie kilo 80 za nyuma kwa kurundika kila kitu puani. Tela lenye uzito kwenye ncha zote mbili na tupu katikati huchelewa kuanza kuyumba, na likishaanza halitulii. Ni afadhali kupunguza mzigo wa nyuma. Angalia pia tangi la maji safi liko wapi. Kama liko nyuma ya ekseli, kulijaza ni kama kupakia baiskeli nyingine nne.

Baiskeli za umeme zina hesabu yake. Moja inafika kilo 25 hadi 30, na mbili pamoja na keria yake nzito zinaweza kukumalizia ruhusa yote. Betri zitoe, ziwekwe ndani ya gari. Ni kilo tatu au nne kila moja, na mvua ya kasi ya kilomita 90 kwa saa si mvua ya kawaida.

Pa kufunga

Kama hesabu imekubali, funga kwenye chesisi. Kinachohitajika ni kipokeo, lile bomba fupi la mraba la inchi 2 ambamo shina la keria linaingizwa na kufungwa kwa pini, kikiwa kimeshikwa na chuma kinachopita kutoka reli moja ya chesisi hadi nyingine. Kuna vya kufunga kwa bolti na vya kuchomelea.

Ingia chini ya tela na tochi kabla hujaagiza. Unatafuta reli mbili za chuma zinazotoka mbele hadi nyuma. Pima upana wake nje kwa nje na urefu wa kwenda juu. Angalia unene pia: matela mepesi ya siku hizi yana reli nyembamba, na mengine reli ya chini ya nyuma si ile ya katikati, ni kipande kilichoungwa. Nikiona hivyo mimi naacha, natafuta njia nyingine. Gusa pia kila kinachopita juu ya reli, kwani nyaya za breki na bomba la gesi hupendelea njia hiyohiyo.

*Kwa bolti.* Safisha kutu na tope hadi chuma kionekane. Shikilia kipokeo mahali pake kwa jeki na kibano, pima kutoka kila upande hadi katikati kiwe sawasawa, ndipo utie alama. Tundu litobolewe kwenye ubavu wa reli, ule uliosimama, wala si kwenye ukingo wake wa chini, kwa sababu ukingo ndio unaobeba mvuto mwingi. Anza na drili ndogo, malizia na kubwa, mafuta kidogo. Paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu. Bolti ziwe za daraja la 8, ambazo kichwani zina mistari sita, au za milimita zenye namba 10.9. Zenye mistari mitatu ni za daraja la 5, hizo ziache. Washa pana pande zote mbili, nati zenye pete ya nailoni ndani ambazo hazifunguki kwa mtikisiko. Kaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukazia, hadi namba iliyo kwenye maelezo. Najua wapo mafundi wanaosema mkono wao ni torki tosha. Na mimi nilisema hivyo.

Ukimaliza, chora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma. Siku nati ikizunguka hata kidogo mstari utakatika, na utaliona jambo hilo umesimama, bila spana.

*Kwa kuchomelea.* Hapa mpe fundi mwenye kazi hiyo, na umwambie mambo haya kabla hajawasha mashine: betri ya tela itolewe nyaya zote mbili, waya wa kuunganisha na pikapu uchomolewe, mitungi ya gesi ifungwe na kuondolewa kabisa. Matela mengi yamezibwa chini kwa karatasi ngumu ya plastiki, na juu yake kuna sufi ya kuzuia baridi. Cheche moja inaweza kuingia humo ikafuka nusu saa kabla moshi haujatokea. Plastiki ikunjwe kando, mtu mmoja asimame na kizima moto, na asiondoke mara tu kazi inapoisha. Mchomeleo ufuate urefu wa reli. Usipite kukatisha ukingo wa chini, maana hapo ndipo ufa unapopenda kuanzia. Shemeji alikuja kusimamia kwetu, akamtazama fundi wa watu muda wote bila kusema neno, mwishowe akasema tu, "Huyu anajua." Kwake hiyo ni shahada.

Kuna vyuma vinavyouzwa vya kulishika bampa pande zote na kuliunganisha na chesisi. Vinalizuia lisianguke, na kwa tairi la akiba navipenda. Lakini bati la bampa linabaki bati.

Usichukue kirefusho, yaani bomba la kuongeza urefu wa kipokeo, ili keria isiguse tairi la akiba. Kila sentimita unayoirudisha nyuma inazidisha ule mzunguko, na maelezo mengi huagiza upunguze mzigo hadi nusu ukikitumia. Afadhali tairi lihamishiwe chini ya tela.

Kupakia

Ingiza shina la keria kwenye kipokeo, pini ipite, klipu ifungwe. Kisha tikisa. Ikicheza, na kwa kawaida itacheza, weka bolti ya kubana au kibano cha umbo la U kinachoshika shina na kipokeo pamoja. Mchezo wa milimita mbili pale unakuwa sentimita kadhaa kwenye ncha ya keria, na chuma kinachopigapiga hakidumu.

Baiskeli nzito kuliko zote ikae karibu na tela. Zipishane, moja usukani kulia, inayofuata usukani kushoto. Ondoa chupa, pampu, kikapu, kiti cha mtoto na kila kinachoweza kuruka. Funga magurudumu yote mawili kwenye reli, na gurudumu la mbele lishikwe na fremu yake ili usukani usigeuke kwa upepo. Mahali pedali inapokutana na fremu ya jirani, weka kipande cha sponji. Tyubu kuukuu iliyokatwa inafaa pia. Fremu za kaboni usizibane kwa kibano, zibebwe kwa magurudumu. Mwisho pitisha mkanda mmoja unaozizunguka baiskeli zote na keria, na nyororo yenye kufuli inayofika hadi kwenye chesisi. Nyororo ni ya wezi, lakini pia keria ikikatika itabaki imeshikwa na kitu.

Rudi nyuma hatua kumi. Taa za breki, indiketa na namba ya tela zionekane, tena zionekane kwa dereva wa lori na wa gari dogo. Zikizibwa, nunua ubao wa taa unaofungwa kwenye keria. Askari wa barabarani huku wanasimamisha kwa kosa hilo. Kamera ya nyuma nayo itaona spoki tu, kwa hiyo mtu ashuke kuongoza kila unaporudi nyuma.

Na kumbuka tela limerefuka kwa mita moja. Mkia unafagia ukikata kona, na kwenye mwinuko wa kuingilia kituo cha mafuta ncha ya keria inaweza kukwaruza lami. Miinuko hiyo iingie kwa mshazari, polepole.

Barabarani

Safari ya kwanza isiwe safari. Zunguka kilomita 10 karibu na nyumbani, simama, gusa kila mkanda, tazama mistari myeupe. Kisha kilomita 80, simama tena. Baada ya hapo, kila kituo cha kahawa unapita nyuma. Mimi nina njia yangu: mkono mmoja kwenye keria, naisukuma chini kwa nguvu, macho kwenye kipokeo. Baiskeli zikitikisika ni sawa, tela lote likitikisika pamoja nazo ni vizuri zaidi. Keria ikitikisika peke yake, hatuondoki.

Tela likianza kuyumba ukiwa kasi, usikanyage breki ya gari na usipambane na usukani. Ushike wima, toa mguu kwenye mafuta, na kwa kidole sukuma kile kitufe cha breki za tela peke yake kilicho karibu na usukani. Breki za tela zinalivuta nyuma, linanyooka. Jifunze kiliko kitufe hicho kabla, gizani ukiweza, kwa sababu ukikihitaji hutakuwa na muda wa kukitafuta. Likitulia, simama pembeni na ushushe mzigo wa nyuma. Kupunguza mwendo tu halafu kuendelea ni kujidanganya.

Kama hesabu imekataa

Kwetu ilikataa. Chesisi ya tela letu nyuma ni nyembamba, na mkono ungebaki na asilimia 9. Baiskeli sasa tunazibeba kwa namna mbili. Mbili za wakubwa zinasimama ndani ya karai la pikapu, pale nyuma pa kupakilia mizigo, uma wa mbele umefungwa kwenye ubao, gurudumu la mbele limetolewa. Mbili za watoto ziko mbele ya tela, kwenye keria inayopanda juu ya mkono, nyuma ya mitungi ya gesi. Hii ya mbele inaongeza uzito kwenye mkono badala ya kuupunguza, kwa hiyo pima tena usizidishe ule unaoruhusiwa na gari. Kunja kona kali mahali pa wazi kwanza, mtu akiwa nje anatazama kama usukani wa baiskeli utaligusa karai. La kwetu liliguswa. Tukazisogeza sentimita 15 nyuma, na siku ya tatu watoto walikuwa wanapiga pedali kwenye njia ya baiskeli ya Gitchi-Gami, Ziwa Superior upande mmoja, msitu upande wa pili.

Kipokeo tulikifunga hata hivyo, kwa ajili ya meza ndogo na jiko la kuchomea nyama tukishafika kambini. Mwezi wa kumi, kabla barabara hazijamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, nakitoa kila kinachotoka, naosha, napaka grisi ndani ya bomba na kuziba mdomo kwa kifuniko cha raba. Mwezi wa nne naingia tena chini na tochi, ukucha mkononi, kutafuta ule mstari mwembamba.